Marehemu Nairobi, Mzima Ulaya

Kaka yangu alichora, mimi niliandika maneno. Kitabu chetu tulikitengeneza kwenye meza ya kulia ya mama, Majengo, mwaka ule mlima ulipopasuka na moto ukakata mji katikati mpaka ziwani. Kilikuwa BD, ndivyo sote Goma tunavyoita hadithi za picha, na kilihusu familia moja inayokimbia moto huku baba amekataa kuliacha godoro. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, nikapewa zile bulles, vile vipovu vyeupe vinavyotoka midomoni mwa watu na maneno ndani. Tuligombana kila siku. "We dada, watu wanakimbia moto, we unawapa hotuba! Punguza." Nikipunguza, ananuna kwamba kipovu kimebaki kitupu.

Tulichapisha kwa mtu mmoja wa mjini mwenye mashine yake. Haukupita muda, sokoni kukawa na nakala za fotokopi, nyingine kurasa zimekaa kichwa chini miguu juu. Hakuna aliyetuuliza. Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Tumekuwa watu wakubwa," alisema, "tunaibiwa."

Kisha waasi wakaja, wakaondoka, wakaja wengine na jina lingine. Katika kipindi kimoja watu waliposema barabara imetulia, kaka akapata mtu wa Kampala aliyetaka kuuza kitabu chetu kwa Wakongomani wa kule. Akajaza mfuko wa mgongoni, akapanda fuso ya maharage kwenda Bunagana, mpakani na Uganda. Hakufika. Au alifika, hatujui. Risasi zilianza mbele yao kabla ya mpaka, watu wakaruka kutoka kwenye gari. Dereva, mzee jirani yetu, alirudi siku kadhaa baadaye kwa miguu, viatu amevishika mkononi. "Nilimuona na macho yangu, mama," alisema. "Alikuwa anakimbia na watu, upande ya Uganda. Mufuko yake iko mugongoni." Baada ya hapo hatukupata mtu mwingine aliyemwona.

Nilivuka kwenda kumtafuta kwenye kambi za wakimbizi. Nilionyesha picha yake kwenye foleni za maji, kwenye foleni za unga, kwa mapadri na kwa mashekhe. Nilirudi na malaria, sikurudi na kingine.

Mama hakuweka kilio. Kwetu mtu akifa turubai hufungwa uani, viti hukodiwa, watu hulala pale pale siku kadhaa. Wazee wa msikiti walikuja kumshauri kwa upole kwamba hata dua tu ya marehemu ingemfaa. "Marehemu gani?" mama aliwauliza. "Mulimuona?" Wakanywa chai, wakaaga. Na mimi niliganda tu. Nilifundisha, nilisahihisha madaftari, nilikula nilichopewa. Majirani walisema nina moyo mgumu, nami sikuwa na nguvu ya kuwabishia.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka mlima ukapasuka tena. Tulipoambiwa tuhame, mama aligoma kutoka nyumbani. "Akirudi atakuta nani?" Tulimpakia kwenye gari karibu kwa nguvu, tukaenda Sake, tukalala kwenye darasa la watu wasiojuana. Huko ndiko simu yangu ilikoanza kulia. Mtu fulani alikuwa ameweka kurasa zetu za zamani mtandaoni, na watu wa nje walidhani zimechorwa juzi. Mwanamke wa kampuni moja ya vitabu ya Ulaya akaniandikia. Alitaka kutoa kitabu chetu kwa Kifaransa kule kwao, na kwa Kiswahili kupitia mshirika wake wa Nairobi, ambaye angekifikisha Dar es Salaam, Kampala na kwingine.

Nilimweleza mama yote hayo tuliporudi Majengo, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Katika maneno yangu yote alisikia moja. Akaacha mchi.

"Kampala?"

"Na Kampala, mama."

Tangu siku hiyo hakuzungumza jambo lingine. Aliamini kaka yuko kule na anaona aibu kurudi mikono mitupu baada ya kupoteza mfuko wa vitabu. Akikiona dukani, chenye jalada zuri, atajua kitabu kimefaulu, atajua tupo, atakuja. Mimi sikuamini. Lakini sikuwa na jambo lingine la kumpa mama, na kwa hilo nikakitaka kitabu kitoke kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Tatizo likawa saini. Picha ni za kaka, kwa hiyo haki ni zake, na mwenyewe hayupo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kuwa marehemu nchi hii na mzima nchi ile. Bwana wa Nairobi alinieleza kwenye simu, kwa adabu nyingi, kwamba kwao mtu asiyesikika miaka saba huhesabiwa amekufa, na miaka hiyo ilishapita, kwa hiyo neno la familia lingetosha. Mwanamke wa Ulaya akasema hapana. Kwa sheria yao kaka bado ni mzima, ni mtu tu asiyejulikana alipo, na atabaki mzima kwa muda mrefu sana, labda tulete hukumu kutoka kwetu. Basi nitoe ruhusa ya sehemu yangu, nilisema. Akajibu kwamba kwao kazi ya wawili ni mali ya wawili, mmoja hawezi kusaini bila mwenzake. Wa Nairobi naye akaona kwamba kwao, pengine, maneno yangeweza kuuzwa peke yake. Haki ya Mungu, nilicheka. Niuze vipovu bila watu?

Na hapa kwetu, ambako kila mwenye fotokopi alikitoa kitabu bila kumwogopa mtu, kaka hakuwa mzima wala mfu. Ofisini walimwandika "disparu", aliyepotea, wakafunga faili. Wakili mmoja wa mjini akanifungulia njia: tribunali yetu, yaani mahakama, inaweza kutamka kwamba amekufa, kwa kuwa alipotelea vitani, ila mzazi aje aseme hivyo kwa mdomo wake. Hukumu hiyo moja ingewatosha wa Ulaya na wa Nairobi pia.

Nilizunguka na maneno hayo siku kadhaa. Mwishowe nikakaa mbele ya mama, nikayatoa yalivyo. Ili kitabu kiende kumtafuta mwanao, nilimwambia, sharti wewe useme mwanao amekufa.

Akauliza, "Nikisema, kitabu itafika Kampala?"

"Itafika."

"Na kama mutoto iko kule, anaweza kuiona?"

"Anaweza, mama."

"Basi twende. Ni mudomo tu. Moyo yangu hawatauliza."

Tribunalini alivaa kitenge kipya, kama mtu anayekwenda harusini. Hakimu alikuwa kijana, mpole, na alionekana kuwa na haraka ya kumaliza. "Mama, unakubali kwamba mutoto wako alikufa?"

"Andika."

"Siwezi kuandika hivi hivi, mama. Sema ndiyo ao hapana."

"Ndiyo," mama alisema. Kisha papo hapo: "Na akirudi?"

Hakimu akamweleza kwamba sheria imemfikiria hata anayerudi. Mtu huyo atakuja hapa mwenyewe, hukumu itafutwa. Mama akamwomba arudie, akarudia. Kwa tarehe ya kifo waliweka siku ile ya fuso. Mimi nilisimama nyuma yake na mkoba wake, nikisubiri kitu kinipate kifuani. Hakikunipata. Nilikuwa ninafikiria kama tutapata pikipiki ya kutupeleka nyumbani kabla ya mvua.

Habari mjini hazilali. Tulipofika tulikuta majirani uani na viti, wengine wameshavua viatu. Mama akawashukuru mmoja mmoja, akawarudisha. "Kilio ya nini? Hii ni kazi ya makaratasi. Mukunywe chai, mwende kwenu." Mzee dereva hakuondoka. Alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki mpaka jioni, kofia magotini, na mama akampelekea chakula bila kumsemesha.

Nilisaini, wa Ulaya wakasaini, wa Nairobi wakasaini. Mama alikuwa akiniuliza karibu kila wiki kitabu kimefika wapi, kama mtu anayeulizia gari lililobeba mgeni wake. Siku bwana wa Nairobi aliponiandikia kwamba Kampala wamekwisha kukipanga madukani, mama alipika pilau. Alifunika sahani moja zaidi, akasema ni ya yeyote atakayepita.

Kisha boksi letu la nakala likavuka mpaka wa Gisenyi. Nililifungua kwa kisu cha jikoni, mama ameketi karibu yangu. Nitasema ukweli, kilikuwa kizuri. Wino mweusi wa kaka kwenye karatasi nene, lile godoro, ule moshi, maneno yangu machache. Nilitaka kulia, kwa kweli nilitaka. Mama alikichukua, akapangusa mikono kwanza, akafungua ukurasa wa ndani wenye jina la mwanawe. Kifaransa hajui, Kiswahili cha kitabu husoma polepole. Lakini namba anazisoma vizuri kunishinda. Baada ya jina kulikuwa na mabano, mwaka aliozaliwa, kistari, na mwaka wa fuso.

Sikuwa nimeambiwa. Nilitoka nje nikampigia mwanamke wa Ulaya, na sauti yangu ilipanda, nakumbuka watu waligeuka barabarani. Alisikitika sana. Akaeleza kwamba haki za mchoraji zinahesabiwa kuanzia mwaka aliokufa, nchi nyingine miaka hamsini, nyingine sabini, kwa hiyo kampuni yao huuandika mwaka huo waziwazi, ili kila nchi ijihesabie yenyewe. Uko kwenye kila nakala, alisema, za Kifaransa na za Kiswahili. Nikamshukuru, sijui kwa nini.

Niliporudi ndani, mama alikuwa bado na ukurasa ule, kidole juu ya namba.

"Hii mwaka ya pili ni ya nini?"

Nikamwambia.

"Na ile ya Kampala?"

"Hata ile, mama. Zote."

Alikifunga kitabu taratibu, akakiweka magotini, akakifunika kwa mikono miwili.

"Basi ataiona," alisema. "Ataona mwaka. Atasema, mama alichoka kunigoja."