Kitenge cha Madame Solveig

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Saint-Gilles, mtaa wa huku Ulaya, nilikuwa na koti jipya na woga wa kutosha watu wawili. Kazi yetu inaitwa aide familiale, yaani kusaidia wazee majumbani mwao: unamwosha mzee, unampikia, unamsikiliza. Nilikuwa nimefundishwa transfert, ile namna ya kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kitini bila kuumiza mgongo wake wala wako. Hakuna aliyenifundisha la kufanya mzee akikufungulia mlango amevaa buti na kofia ya sufu, tayari kutoka.

Huyo ndiye Madame Solveig, Mnorwe, mchoraji. Maisha yake yote alichora milima na theluji ya kwao, na vyote alivichora papo hapo, amesimama nje. Ukimshauri achore kutoka dirishani, anakutazama kama umemwambia ale picha ya chakula.

Nilipompata alikuwa amebakiza kuchora mti mmoja, ule mkubwa wa bustani ya mtaani, usio na jani hata moja. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. "Furaha," aliniambia, "huu ndio msimu wa mwisho mkono wangu kunitii. Majani yakitoka kabla sijamaliza, basi."

Kisha akateleza kwenye barafu mlangoni pake. Hakuvunjika, lakini habari zilimfikia msimamizi wetu, tuliyemwita chef, Maman Béatrice, mama wa Goma, mkali kama pilipili na mwenye huruma anayoificha.

"Bon, Furaha, sikia muzuri," akasema. "Ule maman hapana kutoka inje. Akianguka tena, contrat yako inaisha, na miye batanifukuza pia."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake, pamoja na kuanguka kule, nilimkuta Madame na buti zake. Nilipomweleza amri ya chef akaanza kuzivua, na mkono ukashindwa kufungua kamba. Nilizifungua mimi. Roho iliniuma, na nilikuwa nahitaji kazi ile.

Usiku ule niliwaza kwetu Bukavu. Asubuhi za baridi, nani aliyemwacha mtoto nyumbani? Unamfunga mgongoni, unakwenda naye sokoni. Asubuhi nikampigia chef, nikamwambia aje bustanini ajionee mwenyewe, akitaka anifukuze hapohapo.

Nilimketisha Madame kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma hadi mbele ya ule mti, nikakaza breki. Nikamwekea chupa ya mpira yenye maji ya moto mgongoni, nikamzungushia kitenge changu cha manjano, nikafunga fundo kifuani. Mbele yake nikasimamisha chevalet, ile miguu mitatu inayoshika picha. Akaanza kuchora.

Maman Béatrice alikuja mbiombio. Akapima breki kwa mguu. Akamshika Madame vidole, akakuta vina joto. Akalitazama fundo kwa muda.

"Furaha, nani alikufundisha kufunga hivi? Mutoto ataanguka."

Akalifungua, akafunga upya jinsi mama zetu wanavyofunga. Madame aliuliza amesema nini. Nilipomtafsiria alicheka sana, na mvua ilipoanza, aliyeshika mwavuli alikuwa chef.

Tulirudi kila siku iliyoruhusu. Mti ulikamilika, na majani yalipochipuka mkono wa Madame ulikuwa haushiki tena hata kijiko. Nilimlisha mimi mpaka alipotuacha. Picha ile aliniachia, na nilimpenda yule mama, nasema wazi.

Baada yake nilipelekwa kwa wazee wengi, kisha kwenye nyumba ya wazee Anderlecht, chini ya directrice, mkuu wa nyumba, aliyependa taratibu kuliko chai. Nilijifunza mengi kwake pia. Lakini nyinyi mnaoanza kazi hii, mwulizeni mzee anataka kwenda wapi kabla ya kumwuliza anaumwa wapi.

Leo niko pensheni, magoti yamegoma, na msaidizi anakuja kwangu: Aïcha, binti wa Bujumbura, mwenye adabu na mwoga wa chef wake. Jumapili iliyopita nilitaka twende soko la Gare du Midi.

"Maman, inje kuna baridi sana. Tubaki tu."

Sikubishana. Nikamwonyesha ukutani, ule mti usio na majani, nikamsimulia haya yote. Aïcha akampigia chef wake, akaongea naye mpaka akakubaliwa. Kisha akafungua kabati, akaleta kile kitenge cha manjano, akanizungushia na kunifunga fundo kifuani.

"Aïcha," nikamwambia, "nani alikufundisha kufunga hivi?"