Nilivyomfukuza Mgonjwa kwa Kiingereza

Wewe unayeguna kabla sijaanza, nyamaza. Nilikuwepo, na mwenye makosa ni mimi.

Zahanati yetu huku Kianjai ina chumba kimoja, na foleni hukaa humo humo na daktari. Juzi mama kijana aliingia na mtoto mgongoni, mtoto anawaka homa. Daktari ni mgeni, hajui Kimeru, basi yule mama akajikaza kumweleza kwa Kiingereza ili aheshimiwe. Ya juzi akayasema kama ya kesho. Mimi niliyechapwa shule ya msingi mpaka nikavijua vitenzi vya Kiingereza, nikapaza sauti kutoka kwenye benchi.

"Mama, hiyo ni ya wakati uliopita! Rudia vizuri!"

Benchi zima likacheka.

"Endelea tu, mama, nakuelewa," daktari akasema kwa Kiswahili.

Hakuendelea. Alikaza leso ya kumbebea, akatoka na mtoto wake bila dawa.

"Mrudishe," daktari akaniambia.

"Mimi? Na miguu hii ya bibi kizee?"

"Si wewe umemfukuza, shosho?"

Nikachukua bakora yangu, nikatoka, nikafunga mlango kabisa, benchi lisinione nikimkimbilia.