Besi Aliyoichagua Maman

Vumbi likiungua juu ya kioo cha moto hutoa harufu ambayo sijaikuta penginepo. Ina ukali kidogo na utamu kidogo, na ndani yake kuna mbao za zamani. Mwezi uliopita niliikuta kwa jirani yangu, aliyekuwa akijaribu kuwasha redio ya babu yake. Kabla redio haijatoa neno nilikuwa nimesharudi Bukavu, kwenye karakana ya Tonton Bahati kule Kadutu, nina miaka tisa, namtazama mama yangu akifanya jambo ambalo sikujua kwamba analiweza.

Kwanza niwaambie tulivyokuwa. Vita vya pili vya nchi yetu vilikuwa vimeingia na mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Papa, ambaye alikuwa bwana kilimo, alikuwa amekwenda Shabunda kwa kazi ya wiki tatu. Barabara ikafungwa nyuma yake, na wiki tatu zikawa zaidi ya mwaka. Hatukupata barua wala salamu. Nyumbani, mtaa wa Nguba, tulibaki watatu: Maman, mimi, na koko, yaani bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa amekimbia kutoka Nyantende na mbuzi mmoja na godoro. Maman alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya parokia. Nilimjua kwa mlio wa mashine yake, kwa harufu ya karatasi ya kaboni kwenye vidole vyake, na kwa uchache wa maneno yake. Kama mngeniuliza siku hizo mama yangu ni mtu wa namna gani, ningewajibu kwamba anapiga chapa.

Kwaya ya parokia yetu ilikuwa imeporwa vyombo vyake katika vita vya kwanza, na tangu hapo iliimba kwa ngoma na makofi. Kisha marafiki wa parokia, watu wa mbali, wakatuma msaada uliotosha gitaa moja la besi na ampli moja, lile sanduku la kukuzia sauti. Mkuu wa kwaya, ambaye sote tulimwita Prezida, akasikia kwamba Tonton Bahati, fundi wa redio, alikuwa na seti mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyeusi, inang'aa, imeletwa na mfanyabiashara, na ilikuwa na kitabu kizima cha maelezo kwa Kifaransa. Ya pili ilikuwa ya orkestra moja ya zamani iliyovunjika. Prezida alimchukua Maman ili amsomee kile kitabu. Mimi nilifuata kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

Karakana ilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Prezida alianza na seti mpya. Alikuwa anajua solo kidogo, kwa hiyo alipiga nyuzi mbili tatu za besi, na mikebe yote ya misumari juu ya rafu ikatetemeka. Akacheka kwa furaha.

"Umesikia nguvu? Hii itafika mpaka ku mulango ya kanisa!"

"Na hii ingine?" Maman akauliza.

Ile nyingine ilikuwa imeegemea ukuta. Mwanzoni nilidhani ni violini ya jitu. Ilikuwa na kiuno chembamba na mabega ya mviringo, rangi ya kahawia iliyopauka pale ambapo mkono wa mtu fulani uliipangusa kwa miaka mingi. Ndani ilikuwa tupu, na nyepesi hata Tonton Bahati aliinyanyua kwa vidole vitatu. Ampli yake ilikuwa sanduku la mbao lenye kitambaa kilichochanika. Nyuma yake, ukichungulia, uliona taa ndogo za kioo zimepangwa kwa mstari. Tonton aliziita lampi.

Prezida akawasha, akagusa uzi mmoja. Kimya.

"Imekufa," akasema.

"Haiyakufa," Maman akajibu. "Ngoja lampi zipate moto kwanza."

Sote tulimgeukia. Yeye hakumtazama mtu. Aliweka mkoba wake chini, akavua saa ya mkononi akanipa niishike, akafuta viganja kwenye kitenge chake. Kisha akachukua ile besi na kuketi kwenye kigoda. Zile taa zilianza kuwa nyekundu, polepole, na ndipo ikaja ile harufu. Maman akapunguza kitufe kimoja, akaongeza kingine, akapiga kwa kidole gumba.

Nimejaribu mara nyingi kueleza sauti ile. Mikebe haikutetemeka. Sauti ilikuwa nene na laini, ikianza bila kishindo na kuisha bila haraka, na niliisikia zaidi kwenye benchi nililokalia kuliko masikioni. Alipiga kwa dakika chache tu, wimbo usio na maneno, mguu wake wa kulia ukienda wenyewe. Uso wake ulikuwa uleule wa ofisini, ila macho yalikuwa yamefumbwa.

Tonton Bahati aliweka chini bisibisi yake. "Maman, weye njo ule binti alikuwaka anapiga na bale banamuke kule Nyawera? Zamani sana?"

"Nilipitaka pale," Maman akasema.

Prezida alikuwa mtu mwema lakini alipenda nguvu. Akasema seti mpya haina adha ya kusubiri, na ile ya zamani, siku lampi zikipasuka, tutazipata wapi? Maman akamsikiliza hadi mwisho.

"Prezida, mu kwaya kuko bamaman makumi mbili. Ile mpya itabafunika. Besi kazi yake ni kubeba batu, haibapande ku kichwa. Twala hii, acha ile mpya."

"Basi weye njo utaipiga," Prezida akasema. "Mimi siwezi kutoa ile sauti."

Maman aliiegemeza besi ukutani, akachukua saa yake mkononi mwangu. Kisha akaniangalia mimi, akasema, "Koko asijue kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyopata siri yangu ya kwanza. Tulipokuwa tunateremka kuelekea nyumbani alinieleza kwa maneno yasiyozidi kumi. Kabla ya kuolewa alikuwa akipiga besi katika orkestra ya wasichana. Koko hakutaka mke wa mwanawe aonekane kwenye baa, na sharti la ndoa lilikuwa kwamba gitaa lisivuke mlango. Aliyasema hayo kama anayesoma tangazo. Mimi niliona fahari kubwa na hofu kubwa, na kwa majuma mengi nilimwambia koko kwamba Maman amekwenda kuimba. Maman alipoloweka ncha za vidole kwenye maji ya chumvi, nilisema ni mashine ya chapa. Koko aliangalia vile vidole, akaniangalia mimi, akaendelea kuchambua maharage.

Siku ya Pentekoste alijua. Kanisa lilijaa, na mbele kabisa, kando ya akina mama wa kwaya, aliketi Maman na kitu chenye umbo la violini mapajani. Wimbo ulipoanza niliona watu wakinyoosha migongo bila kujua kwa nini. Wengine walilia, mwaka ule kulikuwa na mengi ya kulilia. Koko peke yake hakusimama wakati wa kusimama.

Nyumbani hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa jiko na kusema, "Mutoto wangu iko mu pori. Hatujue kama iko muzima. Na weye unapiga muziki."

Maman aliendelea kusonga ugali. Mwiko ulikwenda vilevile, taratibu. Baada ya hapo koko alikula chumbani kwake.

Kisha wakaja basoda, askari wa waasi. Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, nami nilikuwa nimetoka shule nikafikia ofisini kwa Maman, kama kawaida. Gari lilisimama uani. Wakashuka wanne, wakasema wanahitaji vyombo vya muziki kwa mkutano wa mkubwa wao. Padri hakuwepo. Maman akachukua ufunguo wa stoo akawafungulia, kwa sababu bila ufunguo wangefungua kwa teke.

Aliyekuwa mdogo kuliko wote akaivuta besi kutoka pembeni, akaigeuzageuza.

"Hii nini? Violon?"

"Ni gitare ya zamani," Maman akasema.

Mwingine akachomeka waya wa ampli ukutani. Umeme, uliokuwa ukitukimbia siku nyingi, siku ile ulikuwepo. Akabonyeza kitufe, akasikiliza, akapiga sanduku kofi.

"Haitoe kitu. Inafanya kazi?"

"Unaona mwenyewe," Maman akajibu.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua kwamba kitufe kimeshabonyezwa na lampi zimeanza kupata moto. Nilijua pia ni muda gani zinachukua, kwa sababu kwenye mazoezi kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nikahesabu moyoni. Nilipofika ishirini, Maman akasema kwa sauti yake ya ofisini kwamba mikro mbili, yaani vipaza sauti, ziko kwenye sakristia, zinafanya kazi vizuri, na kama wana haraka awaonyeshe. Wakamfuata. Mikro ziliondoka nao na hazikurudi. Gari lilipokuwa linawashwa, ile ampli stooni ilikuwa imeshaanza kunguruma kwa chini, *mmm*, na mlio wa injini ukaifunika. Nilikimbia nikachomoa waya.

Wiki ileile tukasikia kwamba seti mpya, ile nyeusi, ambayo kwaya ya kanisa lingine ilikuwa imeinunua, imechukuliwa pia. Jumapili Prezida akasimama mbele ya wote akakiri kwamba yeye alitaka ile mpya, na kwamba Maman alikuwa ameona mbali: alichagua chombo ambacho mwizi hawezi kukitamani. Watu wakapiga makofi. Maman akainamisha kichwa.

Koko aliibeba habari ile hadi kwenye bomba la maji. "Muke ya mutoto wangu iko na akili," aliwaambia majirani. "Alijua basoda batakuya." Kufikia mwisho wa mwezi ilikuwa imeamuliwa kwamba stoo ya parokia haina usalama, na koko mwenyewe ndiye aliyesema besi iletwe nyumbani. Ilikaa chini ya kitanda chake hadi mwisho wa vita, imefunikwa kwa blanketi lake la Nyantende. Jumamosi alikuwa akiitoa mwenyewe na kuipangusa vumbi.

Papa alirudi, mwembamba, kwa miguu, amevaa kandambili za rangi mbili. Koko alimsimulia kisa cha ampli hata kabla ya kumpa maji ya kuoga. Papa alisikiliza huku akimtazama Maman, na Maman akitazama sufuria. Nilidhani wanaoneana haya kwa kuwa hawakuonana muda mrefu.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa na watoto wangu, tulikuwa tunachuma sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba nikamuuliza Maman alijuaje kwamba basoda watakuja. Alicheka hadi akaweka kikapu chini.

"Ningejulia wapi? Hata kama mungeniambia ile ya zamani njo batakamata kesho yake, ningechagua ileile. Nilitaka kuisikia."

"Sasa mbona ulituacha tuseme vile?"

"Koko yako alikuwa ameshaniachia nipige," akasema. "Ningemwambia nini?"

Nilirudi kwenye majani yangu. Kumbe sote, kanisa zima, tulikuwa tumemsamehe kwa jambo ambalo hakulifanya. Mwaka ule mwanamke ambaye mumewe amepotelea porini aliruhusiwa kuwa na hila, na tulimpigia makofi kwa hila hiyo. Kupenda sauti tu, kuitaka kwa ajili yake mwenyewe, tusingempa ruhusa. Yeye alilijua hilo kabla yetu sote. Akainamisha kichwa, akapokea sifa isiyokuwa yake, na Jumapili iliyofuata akapiga.