Ufa Ulio Nyuma ya Tangazo

Ofisi ya Majengo inawatangazia wakazi wote wa Jengo Namba Saba kwamba jengo hilo limekaguliwa na mtaalamu na kuthibitishwa kuwa ni salama kwa makazi. Kwamba nyufa zinazoonekana ngazini ni nyufa za lipu tu, wala hazihusiani na ukuta wenyewe. Na kwamba mkazi yeyote atakayebainika kueneza hofu miongoni mwa wenzake atachukuliwa hatua.

Tangazo lilikuwa na mhuri, saini, na kumbukumbu namba ndefu kuliko namba ya simu. Halikusema mtaalamu alikuja lini. Wakazi wa ghorofa ya chini, ambao mchana kutwa huangalia nani anaingia na nani anatoka, hawakumbuki kumwona.

"Mkazi yeyote" alikuwa mtu mmoja, na kila mtu alimjua. Alikaa ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, yeye na mumewe, na jengo zima lilimwita Bi Nyufa. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa kupiga lipu. Jengo hilohilo, lilipokuwa jipya, yeye na wenzake ndio waliolipiga lipu kuanzia chini hadi juu. Kwa hiyo tangazo lilimgusa mara mbili: lilimwita mchochezi, na lilisema kilichopasuka ni kazi ya mikono yake.

"Lipu yangu haipasuki," alimwambia mumewe, "mpaka kitu kiisukume kutoka nyuma."

"Fundi, lile tangazo lina mhuri," mumewe alijibu.

Mume alikuwa karani wa halmashauri kwa miaka thelathini na mitatu. Matangazo ya aina ile aliyapiga chapa yeye, mamia kwa mamia, na hakumbuki hata moja lililorudishwa kwa sababu halikuwa kweli. Mengi yalirudishwa kwa sababu ya nafasi kati ya mistari.

Watu huzikumbuka nyumba walizoishi kwa majirani, au kwa harufu ya jikoni. Bi Nyufa anazikumbuka kwa kuta zake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya udongo, vyumba vitatu. Baba yake aliijenga mwenyewe, na hakupenda kuisikia ikisemwa vibaya. Chumbani kwa bibi, pembeni mwa dirisha, palikuwa na ufa. Mama alitundika kalenda juu yake. Kila mwaka mpya ulipoingia, alitafuta kalenda kubwa zaidi.

Msimu mmoja wa mvua bibi alianza kulalamika kwamba akijinyoosha mchana, mchanga unaangukia mto wake wa kulalia. Baba akasema ni panya, akaleta mtego. Siku ya tatu, saa nane mchana, mjukuu wake wa miaka tisa, Bi Nyufa wa baadaye, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kile na kikombe cha maji ya bibi. Akasikia mchanga ukitiririka nyuma ya kalenda, sauti ndogo kabisa, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Ikanyamaza. Kisha ukuta ukashuka juu ya kitanda. Haukutoa kishindo ambacho mtu angekitarajia. Ulikaa tu chini, kama gunia linapotuliwa. Maji hayakumwagika kikombeni. Bibi alizikwa kesho yake. Mtego wa panya ulipatikana baada ya siku mbili, haujafyatuka.

Baba hakujenga tena, na watoto waligawiwa kwa ndugu. Binti alipelekwa kwa shangazi yake, katika mji wa machimbo ya kokoto, ambako kila siku saa nne asubuhi baruti ililipuliwa na vikombe vikagongana kabatini. Ni kama kumchukua mtu aliyeumwa na nyoka ukampeleka kuugulia kwa mfuga nyoka. Wiki mbili mtoto hakulala ndani. Alilala barazani, amekumbatia nguzo.

Mume wa shangazi, mpiga lipu asiyejua kubembeleza, alichoka kumruka kila alfajiri akienda kazini. Akakoroga gundi ya unga, akakata ukanda wa gazeti, akaubandika kukatiza ufa uliokuwa juu ya kitanda cha mtoto.

"Karatasi ikiwa nzima, lala," akamwambia. "Ikichanika, toka. Usiniulize mimi, mimi sijui kitu. Iulize karatasi."

Aliiuliza kila siku kwa miaka minane. Haikuchanika. Huko ndiko alikojifunza kushika mwiko wa kupigia lipu na kutumia timazi, kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili kijulikane kama ukuta umesimama wima au unaanza kuinama. Alikuwa fundi mzuri kwa sababu moja tu: aliogopa kuliko mafundi wengine.

Alipoolewa, chumba chao cha kwanza kilipakana na mashine ya kusaga. Bwana harusi alimtazama bibi harusi akigonga kuta zote nne kwa kifundo cha kidole, hata viatu hajavua.

"Unatafuta nini?"

"Pa kuweka kitanda."

Kitanda kiliwekwa karibu na mlango, na kimekaa karibu na mlango tangu siku hiyo. Karani alizoea. Aliwaambia wenzake ofisini kwamba mkewe alipaswa kuolewa na hema.

Halafu wakapewa Jengo Namba Saba, vyumba viwili na bomba la maji ndani, na wakakaa humo miaka thelathini na mmoja. Walimlea binti yao humo mpaka akaolewa upande wa pili wa mji. Kuta zile Bi Nyufa alizijua kama mtu ajuavyo meno yake, na kwa miaka mingi hazikumuuma.

Mwaka huu zilianza. Kitunguu kikiachwa sakafuni jikoni, kilibingirika chenyewe hadi upande wa ngazi. Mlango wa mbele ulianza kukwama. Karani aliuranda, ukafunguka. Baada ya mwezi ukakwama tena, akauranda tena. Mara ya tatu alijisifu kwamba hajasahau kazi za mikono. Mkewe alitazama maranda sakafuni, akasema si mlango uliokuwa umevimba. Ni fremu iliyokuwa inabanwa.

Na ngazini, pale zinapokata kona kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, ukatokea ufa. Kila asubuhi Bi Nyufa alifagia mchanga chini yake. Mwanzoni ulijaa kijiko cha chai. Alibandika vikanda vya karatasi. Msimamizi wa jengo akavibandua.

"Mama, hivi vikaratasi vyako vinatisha watu."

"Vinatishaje, na havijaandikwa kitu?"

"Ndiyo maana vinatisha. Kisichoandikwa kitu, kila mtu anakisoma anavyotaka."

Alibandika vingine, vikabanduliwa. Binti yake alimpigia simu: "Mama, njoo kwetu tu. Baba atafuata."

"Baba yako hafuati mtu. Anafuata barua."

"Basi mpe simu niongee naye."

Karani alipokea simu, akasikiliza kwa heshima, kisha akasema yeye hawezi kwenda kuwa mzigo kwa mkwe wake kwa sababu ya kijiko cha mchanga. Akairudisha simu. Nyonga yake ilikuwa mbovu. Miezi miwili hakuwa ameshuka ngazi. Ngazi zilikuwa vipandio hamsini na vinne, na Bi Nyufa alijua mumewe angezishuka kwa muda usiopungua dakika ishirini. Tangu mchanga unyamaze hadi ukuta ushuke, chumbani kwa bibi, muda haukutosha hata mtoto kuvuka kizingiti na kikombe. Dakika hizo ishirini alizigeuza kichwani akifua, akipika, akimkata mumewe kucha. Peke yake angeweza kutoka wakati wowote. Ndiyo maana hakutoka.

Ndipo siku moja asubuhi akaja tarishi wa Ofisi ya Majengo, na ndoo ya gundi na lile tangazo, la upana wa mikono miwili. Bi Nyufa alikuwa anafagia.

"Nimeambiwa nifunike ule ufa," tarishi alisema, kidogo kwa aibu.

"Funika, mwanangu. Lakini paka gundi mpaka pembeni kabisa, isije ikaachia."

"Wewe ndiye wa kwanza kunipokea vizuri leo. Jengo Namba Nne wamenimwagia maji."

"Sisi hapa tunaheshimu matangazo."

Akamshikia upande wa pili wa karatasi, akaikaza isiwe na mkunjo hata mmoja, kama alivyofundishwa kwa shangazi. Msimamizi alikuja kutazama. Akaliangalia tangazo, akauangalia mhuri, akamwangalia Bi Nyufa. Mkono wake ulianza kuinuka, kisha ukarudi mfukoni. Karatasi hiyo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuibandua.

Siku ya kwanza ilikuwa nzima. Siku ya pili ilikuwa nzima. Siku ya nne ulitokea mkunjo wa mshazari ambao hakuuweka yeye. Siku ya sita, juu kabisa, nembo ilikuwa imepasuka kiasi cha urefu wa ukucha, na mchanga ulijaa kiganja. Majirani walipita, wakacheka: "Bi Nyufa, leo unasoma? Si umeambiwa ni lipu tu?" Alicheka nao. Alipofika juu alikuta mikono yake imelowa jasho, akaificha kwenye kanga.

Siku ya tisa alirudi ndani, akasimama mbele ya mumewe aliyekuwa anasikiliza redio.

"Tangazo limechanika."

Karani alizima redio. "Nani kalichana?"

"Sikumwona mtu."

"Hilo ni kosa. Tangazo la ofisi haliguswi. Umemwambia msimamizi?"

"Msimamizi hajui kuandika ripoti. Ingekuwa vizuri alione mtu anayejua."

Karani alifikiri kidogo. Kisha akaomba koti, miwani na kalamu.

Walishuka kwa dakika ishirini na tano. Kwa mkono mmoja Bi Nyufa alibeba kiti, kwa mwingine akamshika kiwiko. Njia nzima alitembea upande wa ukuta, kana kwamba mwili wa mwanamke wa miaka sitini na minane ungezuia kitu. Alihesabu vipandio kimoyomoyo. Mara mbili Karani alitaka kupumzika, mara mbili akamwambia, "Kona inayofuata."

Alipoketishwa mbele ya tangazo, Karani alivaa miwani, akafungua kalamu. Alitazama mpasuko kutoka juu hadi chini.

"Karatasi iliyochanwa kwa mkono huelekea upande mmoja," alisema. "Hii imevutwa." Akasogea. Aliweka kidole mwanzoni mwa mstari wa tatu, pale palipoandikwa kwamba jengo limethibitishwa, akaufuata taratibu kama alivyofanya maisha yake yote kabla ya kupeleka kitu kwa bosi. Kidole kilifika kwenye mpasuko, kikaendelea. Upande wa pili kilikuta mstari wa nne.

Alirudia. Mstari wa tano ulimpeleka kwenye wa sita.

"Haukupigwa hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna mashine inayopiga hivi."

Nyuma ya karatasi kitu kilianza kutiririka, kidogo tu.

Karani aliinua kichwa. "Ni panya?"

"Si panya."

Alifunga kalamu. Ilimchukua mara mbili kupata mfuko wa koti. "Nitoe nje," alisema.

Wakatoka. Alimkalisha kwenye kile kiti, ng'ambo ya barabara, karibu na nguzo ya umeme. Hapo ndipo Bi Nyufa alipokumbuka dawa za presha za mumewe, ziko juu, kwenye meza ya kitanda. Karani alimshika mkono.

"Ziache."

"Bila dawa hufiki Ijumaa."

Akamwachia polepole. "Basi nenda. Lakini usigonge ukuta wowote."

Alipanda mbio, kama alivyopanda akiwa msichana na ndoo ya lipu kichwani. Mlango aliusukuma kwa bega, ukamruhusu kuingia. Alichukua dawa. Aliporudi mlangoni, ulikuwa umejifunga, na haukufunguka. Aliuvuta. Akauvuta tena kwa mikono miwili, mguu ukiwa kwenye fremu. Mlango ulirandwa mara tatu na mtu aliyejisifu, na sasa ulikuwa umebanwa kama jino. Ngazini palikuwa kimya. Kimya hicho alikijua.

Mwiko wake wa kupigia lipu ulikuwa chini ya kitanda, na kitanda, kama kawaida, kilikuwa karibu na mlango. Aliupachika kati ya mlango na fremu, akauegemea kwa uzito wote. Lipu ilibanduka kwa mapande, lipu yake mwenyewe, ikamwangukia miguuni. Mlango uliachia kiasi cha mtu mwembamba kupita. Wakati huo alishukuru kuwa mwembamba, jambo ambalo mama mkwe wake alimlaumu nalo kwa miaka mingi.

Kwenye kona ya ngazi hakuangalia tangazo. Aliona tu kwa pembe ya jicho kwamba sasa yalikuwa mawili.

Hakuna aliyetangaza lolote. Lakini wakazi walimwona Karani, mtu aliyeamini mhuri kuliko daktari, ameketi ng'ambo ya barabara na koti lake, akitazama Jengo Namba Saba bila kupepesa. Mmoja akatoka na godoro, wa pili akatoka na watoto. Kufika saa kumi jioni jengo lilikuwa tupu. Msimamizi alitoka wa mwisho, akisema anakwenda kununua kufuli.

Kwa binti yao wamepewa chumba cha nyuma. Bi Nyufa aligonga kuta zake siku ya kwanza, zote nne, mkwe wake akitazama kwa adabu. Mkwe alipouliza kitanda kiwekwe wapi, Karani ndiye aliyejibu: karibu na mlango. Siku hiyo alimuuliza mkewe habari za bibi aliyekufa, na mchanga ulivyosikika. Alikwisha kuisikia hadithi hiyo mara nyingi. Safari hii hakumkatiza.

Wiki mbili baadaye Ofisi ya Majengo ilitoa tangazo la pili. Lilikumbusha kwamba Jengo Namba Saba ni salama kama ilivyotangazwa awali, na likawataka wote waliohama kwa hiari yao warejee mara moja. Binti alipita kule akalisoma, akaja na habari. Karani aliuliza limebandikwa wapi.

"Kwenye nguzo ya umeme," binti alisema. "Ng'ambo ya barabara. Wanasema tarishi hakuvuka."