Kobe wa Kisaki si Mgeni

Inatangazwa kwa wafugaji wote wa nyoka, kenge, kobe na jamaa zao kwamba, kuanzia tarehe ya waraka huu, mnyama mgeni atatengwa kwa siku tisini. Atapewa kizimba chake, karai lake la maji na brashi yake. Atahudumiwa mwisho, baada ya wengine wote, na mhudumu atanawa kwa sabuni. Lengo, waraka unasema, ni kuhakikisha kuwa vimelea havihami kutoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya nyumba moja.

Hamza wa Kihonda aliupigilia waraka huo kwenye mlango wa banda kwa misumari minne, ingawa miwili ingetosha. Alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiishi kwa kuonyesha chatu mashuleni na kwenye maonyesho ya wakulima, na katika muda huo aliumwa zaidi ya mara thelathini, akapoteza ncha ya kidole kimoja, na hakukosa kibali hata mwaka mmoja. Chatu huyo alimwita Shangazi. Alimpata akiwa na urefu wa mkanda wa suruali. Sasa alikuwa na mita nne na alimeza jogoo mzima bila kubadili sura. Watoto wawili wa Hamza, Shadya na mdogo wake, walisoma hadi kidato cha sita kwa mgongo wa Shangazi. Kizimba cha pili kilikuwa cha kenge, Jemadari, ambaye hakumpenda mtu na hakuficha.

Siku moja Twalibu, kaka wa mkewe, alishuka kwenye lori kutoka Kisaki akiwa na kobe ndani ya gunia. Zawadi, alisema, ya kuongeza maonyesho. Hamza alimwonyesha mlango wa banda.

"Siku tisini, shemeji. Akae peke yake uani."

Twalibu aliusoma waraka kwa kidole, neno baada ya neno.

"Imeandikwa mnyama mgeni," akasema. "Huyu mgeni? Kazaliwa Kisaki huyu, tumeoga mto mmoja. Mgeni ni yule anayekuja na ndege."

"Mgeni ni yeyote anayeingia."

"Aa. Basi na mimi nimeingia leo. Nitengeni. Nipeni karai langu na brashi yangu, mnihudumie mwisho."

"Wewe brashi itabidi iwe ya waya," Raya, mkewe Hamza, alisema kutoka jikoni.

Walicheka wote. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa Raya, kwa kuwa Waluguru hurithishana ardhi upande wa mama, na Twalibu ndiye aliyekuwa mwanamume wa ukoo huo. Hamza, aliyekuwa mwenye nyumba kwa maana ya kuipaka rangi, akafikiri kidogo ni nani hasa aliyekuwa mgeni pale, akafungua mlango wa banda. Kobe akawekwa kwenye kona ya kizimba cha Jemadari, nyuma ya ubao. Wanyama hao wawili wakanywa karai moja. Brashi moja ikasugua sakafu ya kobe, ya kenge, kisha ya Shangazi.

Wiki ya nne Jemadari alianza kuhara damu. Hamza alipomshika amtazame, kenge alizamisha meno kwenye mkono wake akagoma kuachia. Hamza alimbamiza ukutani, mara ya kwanza kwa kuumia, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu kenge alikuwa tayari amekufa. Akampasua palepale juu ya mfuko wa saruji. Utumbo ulikuwa umevimba na kukakamaa kama bomba la bustani, na ndani mlikuwa na usaha. Aliukata kipande, akakitia kwenye chupa ya jamu, akampelekea Devotha, daktari wa mifugo.

"Shikamoo, Mzee Hamza. Una kobe nyumbani?"

"Marahaba. Ninaye. Mzima kabisa."

"Ndiye huyo. Hii ni amiba. Kobe anakaa nayo kwa amani miaka na miaka, yeye haimsumbui. Ikimwingia kenge au nyoka, inamchana tumbo. Chatu wako anakula?"

Shangazi alikuwa ametapika jogoo wawili.

Devotha akampa flajili, ileile wanayomeza watu, akampimia dozi ya siku ile na mpira wa kuipitisha kooni. Mtu mmoja hawezi kumnywesha chatu wa mita nne. Hamza alishika kichwa, Raya akashika mkia, Twalibu akapewa katikati.

"Usimkumbatie, shemeji. Mnyooshe tu."

"Namjua nyoka mimi."

Mpira ulipogusa koo, Shangazi alijikunja mara mbili kwenye kifua cha Twalibu. Mkia ulimponyoka Raya ukampiga mdomoni. Mbavu zikalia, moja, kisha nyingine, sauti ya kuni kavu.

"Anza mkiani," Hamza alisema, bado ameshika kichwa. "Mfungue kuanzia mkiani. Dakika moja tu, Mama Shadya. Dawa inaingia."

Raya alimtazama kaka yake, ambaye midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Hakuanza mkiani. Alikwenda kuchukua panga. Alimkata Shangazi nyuma ya kichwa, karibu na vidole vya mumewe, mara tatu, na pigo la tatu lilifika chini. Mwili uliendelea kubana kwa muda, bila kichwa, kabla ya kulegea.

Twalibu alipovuta pumzi, Hamza alimpiga kofi, kisha akaita bajaji ya kumpeleka hospitali. Aliporudi alichukua panga lile akampiga kobe mgongoni, kwa nguvu zote, mara mbili. Panga liliteleza likapinda. Baada ya saa moja kobe alitoa kichwa, akaendelea na mchicha.

Wiki mbili baadaye Bonifasi, afisa aliyesaini waraka, alifika kukagua. Aliuliza kama mnyama mgeni ametengwa. Hamza akasema ametengwa. Ana karai lake? Analo. Brashi? Yake peke yake. Bonifasi akaandika kwamba waraka umetekelezwa kikamilifu, na kwamba katika nyumba hiyo hakuna maambukizi kati ya mnyama na mnyama.

Nyumba ilikuwa na mnyama mmoja.