Mwenye Ufunguo wa Kabati

Kazini walimwita Jicho. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, meza ya kwanza karibu na mlango, na hakuna doa lililompita. Wengine wakishika shati, waliona shati. Yeye aliona tone la mchuzi chini ya kifungo, akajua mwenye shati alikula huku ana haraka. Aliona kola iliyogeuzwa na kushonwa upya, akajua nyumbani kwa mtu huyo mambo yamebana. Hakusema. Aliweka moyoni, akaendelea na pasi yake.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia matumizi ya nyumba yapungue, hatafuti pa kupunguza. Anatafuta mwizi.

Ilianza mwenye nyumba alipopandisha kodi. Jicho na mumewe, fundi bomba, walikuwa na vyumba viwili. Kimoja walilala wao na binti yao, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Cha pili kilikuwa cha baba mkwe. Mumewe alimvuta hadi jikoni, akafunga mlango.

"Kodi tutaiweza kama pesa ya chakula ya wiki itashuka," alisema. "Isiposhuka, tunahamia chumba kimoja."

"Na baba?"

"Chumba kimoja na baba haiwezekani, unajua mwenyewe. Nimeshampigia shangazi. Amesema ataandaa kitanda."

"Baba ameambiwa?"

"Mama amezikwa juzi juzi tu. Nianzie wapi?"

Jicho aliijua safari hiyo. Kwa huyo shangazi kulikuwa mbali, na shangazi mwenyewe alikuwa na mdomo. Mzee angefika huko akanyauka.

Na mzee alikuwa mtu wake. Maisha yake yote alikuwa mpishi wa bweni la shule, mtu wa maneno machache na sufuria kubwa. Mkewe alipolazwa, yeye ndiye aliyeshika jiko, kwa kuwa mwanawe na mkwewe walikuwa kazini toka asubuhi, na mtoto alishinda kwa jirani. Mkewe alipofariki, hakuliachia. Jicho alirudi jioni miguu imevimba, akakuta chakula kimefunikwa. Ni wanawake wangapi wana baba mkwe wa kuwapikia? Alijua bahati yake, na hakutaka ikapande basi.

Basi akakata. Mikate ya kununua akaiondoa. Soda za Jumapili akaziondoa. Nyama akaipunguza, maharage yakachukua nafasi yake. Wiki ilipokwisha alijumlisha, akapata imeshuka kidogo. Si kama alivyotarajia. Mchele hasa ulikuwa unakwisha mapema, kama una miguu.

Wa kwanza kushukiwa akawa mwenye duka. Jicho alinunua kwake kilo ya sukari, akaipeleka duka la pili ikapimwe. Ikawa kilo. Habari zikamfikia mwenye duka kabla Jicho hajafika nyumbani.

"Dada, mzani wangu umekukosea nini?" alimwuliza kesho yake.

"Nilikuwa nahakikisha tu."

"Ungeniambia, ningekubebea na mzani wenyewe."

Wa pili akawa mumewe. Alimnusa mikono: sabuni na mabomba. Alimwuliza anakula nini mchana. "Njaa," mumewe akajibu, na sura yake ilisema kweli.

Akabaki wa tatu, ambaye hakutaka awe yeye.

Siku moja kazini, yule wa meza ya pili waliyemwita Shangazi, mwanamke mtu mzima aliyekunja mashuka huku akikunjua habari za watu, alimsogelea.

"Mzee wenu nimemwona jana. Kapendeza. Kanyoa, kashika mfuko. Nimemwamkia, hata hakunisikia."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Nimwulize kama nani? Mwanamume mjane, shati limenyooka, mfuko unatoa mvuke. Malizia mwenyewe."

"Acha hizo, Shangazi. Mkewe hajakauka kaburini."

"Wapo wasiongoja hata matanga yaishe. Mimi sijasema kitu. Lakini hilo shati lilipigwa pasi na mtu anayejua kazi."

Jicho aliinamia pasi yake. Shati lile alilipiga pasi yeye.

Jioni alilitafuta kwenye nguo chafu, akalipeleka dirishani. Doa lilikuwepo: mchuzi wa maharage, kwenye ncha ya mkono wa kulia. Alilitazama sana. Mtu anayekula mwenyewe hujidondoshea kifuani. Anayemlisha mwenzake hujidondoshea mkononi. Kwa hiyo kuna mtu analishwa, tena kwa kijiko, kama bibi harusi. Na kinacholiwa ni mchele wa nyumba hii.

Kumwuliza hakuweza. Baba mkwe haulizwi mambo ya wanawake. Akanunua kufuli.

Asubuhi iliyofuata alipima vya siku ile, akaviweka mezani, akafunga kabati na kutia ufunguo ndani ya pochi. Mzee aliingia, akalitazama kufuli, akamtazama yeye.

"Watu wanaingia siku hizi," Jicho alisema, bila kuulizwa. "Kwa jirani wameiba."

"Sawa, mwanangu," mzee alisema, akachukua mchele.

Hata kufuli halikumtuliza. Kufuli lina mafundi wake. Akaona afadhali kabati lisiwe na kitu cha kuibwa kabisa. Dumu la mafuta akaliacha, akawa ananunua kipakiti cha mafuta kila jioni akitoka kazini. Sukari kipakiti. Majani ya chai kipakiti. Mchele wa siku, unga wa siku. Kilicholetwa kikaliwa, kesho mwizi akute sakafu. Shangazi wa kazini alipomwambia, "Tununue gunia la mchele pamoja tugawane, tutaokoa," Jicho alimshukuru na kukataa. Moyoni alijiuliza ni nani atakayeshika kopo wakati wa kugawa.

Wiki ilipokwisha alijumlisha. Pesa ilikuwa imepanda.

Alijumlisha tena. Ilikuwa imepanda kupita hata kabla hajaanza kukata. Mumewe alichungulia juu ya bega lake, akashusha pumzi.

"Nimwambie shangazi atandike?"

"Nipe wiki moja."

"Mwenye nyumba hatoi wiki."

"Wewe nipe."

Wiki hiyo alimtazama mzee kama anavyotazama shati jeupe. Akaona jambo. Mkanda wa mzee ulikuwa umerudi nyuma, umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Mezani jioni alikuwa akisema, "Nimekula mchana." Mchana hakuna aliyemwona. Chakula kilikuwa kimepimwa, hakuna ziada, na mzee anakonda. Basi anampelekea mwanamke huyo hata sahani yake mwenyewe. Jicho alikasirika, sasa kwa niaba yake. Ni mwanamke gani anayemnyonya mzee hivi?

Siku mashine ya mvuke ilipogoma, dobi aliwaruhusu kabla ya saa sita. Jicho hakwenda nyumbani. Alisimama kwenye kona, nyuma ya kibanda cha fundi viatu, mpaka mzee alipotoka. Shati limenyooka. Mfuko mkononi, umeshikwa kwa chini ili usiyumbe. Alimfuata, akiacha watu kadhaa katikati yao.

Mzee hakukata kuelekea kwenye nyumba za watu. Alinyoosha mpaka kwenye geti la hospitali, akaingia kama mwenyeji. Mlinzi alikuwa anafunua mifuko ya kila mtu na kunusa. Wa mzee hakuufunua.

"Unamwona nani?" mlinzi alimwuliza Jicho.

"Niko na yule baba."

"Wa bibi wa dirishani? Pita."

Bibi wa dirishani. Haya basi.

Wodi ilikuwa ileile. Jicho alisimama mlangoni, na miguu ikasita yenyewe, maana hapa ndipo mama mkwe alipofia. Kitanda chake kilikuwa na mgonjwa mwingine, amelala uso ukutani. Mzee alikuwa ameketi kitanda cha pili, karibu na dirisha. Kitandani hapo alilala mwanamke mzee, mguu umening'inizwa kwa kamba na chuma, hawezi kuinuka. Mzee alikuwa na bakuli mapajani na kijiko mkononi.

Yule mwanamke ndiye aliyemwona kwanza.

"Njoo ukae," alisema. "Usisimame kama askari. Wewe ndiye wa ufunguo."

Kijiko cha mzee kilisimama njiani. Hakugeuka.

"Unanijua?" Jicho aliuliza.

"Nakijua chakula chako. Kilikuwa kinakuja kimejaa. Siku moja kikaja nusu. Nikamwuliza huyu, akasema kabati limepata ufunguo. Siku ya pili kikajaa tena, nikajua anajinyima. Nimemkataza. Unaweza ukaongea na sufuria ikakusikia kuliko huyu."

"Na wewe ni nani wake?"

"Jirani." Alielekeza kwa kidevu kitanda kile cha mama mkwe. "Wewe ulikuwa unakuja Jumapili. Hukuniona. Ulikuwa unakagua mashuka."

Ilikuwa kweli. Mashuka ya pale yalikuwa yamefuliwa vibaya, na Jicho aliyakumbuka mpaka leo. Uso huu hakuukumbuka.

"Huna watu?"

"Ninao. Wako mbali, na wana yao. Mama mkwe wako alikuwa anakula nusu, nusu ananisukumia. Alipoondoka nikasema basi, na mimi yangu imeondoka. Kesho yake baada ya mazishi nikamwona huyu mlangoni na bakuli. Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamwambia, baba, mbona hayupo."

Mzee alifuta kijiko kwa kitambaa, taratibu.

"Nilikuwa nimeshapika," alisema.

Jicho alivuta kigoda akaketi, na mzee akaendelea kulisha. Tone likamwangukia mkononi.

Njiani kurudi mfuko mtupu aliubeba Jicho.

"Ungeniambia, baba."

"Ungesemaje?"

Jicho alifikiri. "Ningesema hapana."

"Eeh."

Ndipo akamweleza yote: kodi, chumba kimoja, kitanda cha shangazi. Mzee alisikiliza huku anatazama mbele.

"Basi nitakwenda kwa dada," alisema. "Atakayempelekea chakula ni nani?"

"Hakuna anayekwenda popote. Bado sijajua pesa inapotelea wapi."

Na hilo ndilo lililokuwa linamkereketa. Alijua sasa kilichokuwa kinaliwa na bibi wa dirishani: mchele wa kiganja, maharage ya kijiko. Tangu kufuli liwekwe hakuna hata punje ya ziada iliyotoka. Sasa iweje matumizi yapande? Mwizi hayupo, na mali inaibwa. Akazidi kushuku. Aliingia dukani na mzee nyuma yake, macho kwenye mzani.

"Za leo," mwenye duka alisema, na kabla hajaombwa akaanza kuchuna vipakiti kwenye kamba: mafuta, sukari, chai. Alivipanga mezani kama karata.

"Umeshajua nataka nini?"

"Mteja wangu mkubwa, nisijue? Wangekuwa kumi kama wewe ningejenga ghorofa."

"Unaniibia wapi? Leo niambie."

Mwenye duka alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye.

"Sikuibii, dada. Unaniletea mwenyewe. Zamani ulikuwa unachukua dumu. Dumu unalipia mafuta. Kipakiti unalipia mafuta, na plastiki, na faida yangu, kila jioni. Kabla wiki haijafika kati umeshanilipa dumu zima, na dumu lenyewe huna."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia chukua dumu, ungesema nimelitia maji."

Jicho alivitazama vipakiti. Angesema hivyohivyo. Tena angelipeleka duka la pili likapimwe.

Alimgeukia baba mkwe. Mzee alikuwa anatazama magunia, mikono nyuma, kama mtu asiyehusika.

"Baba, na wewe ulikuwa unajua?"

"Mimi nilikuwa napikia shule. Ya vipakiti siyajui." Akapapasa gunia moja. "Ila niliona kabati limejaa hewa na kufuli."

Kesho yake Jicho alikwenda meza ya pili, akamwomba Shangazi gunia. Shangazi alimfanya aombe mara mbili. Waligawana mchele uani kwa dobi, baada ya kazi. Kopo alilishika Shangazi. Jicho aligeuka akatazama kamba za nguo mpaka kopo liliponyamaza, na ilimgharimu kuliko kodi. Dumu la mafuta alilibeba mzee begani, akakataa kusaidiwa. Mikate na soda hazikurudi. Kufuli Jicho alilifungua, akampa jirani ambaye hajawahi kuibiwa kitu.

Wiki ilipokwisha mumewe aliijumlisha mwenyewe. Alijumlisha kutoka juu, akajumlisha kutoka chini. Bibi wa dirishani alikuwamo humo ndani, na bado ilikuwa chini ya pale walipopahitaji.

"Umekopa?"

"Sijakopa."

"Kuna mtu amekupa?"

"Nani anipe?"

Alimtazama kwa pembeni, halafu akamtazama baba yake aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo, kana kwamba wawili hao wamekula njama. Lakini tarakimu hazikubadilika. Alichukua simu, akampigia shangazi yake na kumwambia asitandike, baba anabaki.

Sauti ya shangazi ilijaa jikoni bila kuwekwa spika.

"Anabaki kwa nini? Mmegombana?"

"Hapana, shangazi. Ndiyo maana anabaki."

"Anaumwa? Mnamficha?"

"Mzima. Huyu hapa."

"Mpe simu."

Mzee alipewa simu. "Mzima," alisema, akairudisha.

"Hiyo si sauti ya mtu mzima," shangazi alisema. "Kuna jambo hapo hamtaki nilijue. Kesho kutwa nakuja nione kwa macho yangu, na nitakaa mpaka niridhike."

Simu ikakatika. Mumewe alimtazama Jicho. Jicho alitazama kabati, anahesabu midomo.

Mzee alikuwa ameshasimama. Alichota mchele, akautazama ndani ya kopo, akaongeza.