Siku Niliyoihamisha Bethlehemu

Habari hii siisimulii mbele ya watoto wangu, na hata nyinyi nawaambia kwa sababu mmenibana tu, maana mtu aliyechekwa na kijiji kizima akiwa bado ana chaki mkononi hapendi kukumbushwa. Wakati ule nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka Tukuyu, nimepangiwa shule ya msingi ya kijiji cha Tujikaze, upande wa Mollo, kijiji kipya ambacho hakijafikisha hata miaka miwili tangu watu wahamishwe na Operesheni Vijiji kutoka makao yao ya zamani na kupangwa kwa mistari iliyonyooka kama matuta ya viazi. Na mimi sikuwa mtu wa kutulia. Nikikaa mguu unacheza, nikisimama natafuta pa kukaa, na nikisikia watu wanazungumza jambo ambalo mimi nalijua nusu, basi ulimi unaniwasha mpaka niseme.

Sasa mjue pia kwamba nilikuwa nachumbia. Binti mwenyewe ni Leokadia, na baba yake, Mzee Alfonsi, ndiye aliyekuwa katekista wa kigango, kanisa dogo la pale kijijini, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu mpole anayesema taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi. Barua ya posa ilikwisha kupokelewa vizuri, ikabaki shida moja: mimi Mprotestanti wa Mbeya, wao Wakatoliki tangu enzi za babu. Mzee Alfonsi akaniambia hana kinyongo, padre atakapokuja kigangoni Noeli, yeye Mzee mwenyewe atanisemea kwake. Kwa hiyo kilichotakiwa kwangu ni kukaa kimya kwa wiki mbili tu. Mtu mwingine yeyote angeweza.

Jumamosi moja nikaenda sokoni Sumbawanga, nikanunua migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani kutoka Kasanga, mama muuzaji akanifungia kwenye karatasi ya gazeti fulani la dini. Nilipofika nyumbani nikaikunjua (mimi karatasi yenye maandishi siitupi kabla sijaisoma, ni ugonjwa), nikakuta makala inayosema kwamba wako wataalamu wanaotilia shaka kama Yesu alizaliwa Bethlehemu ile ya Yudea tunayoijua, kwa kuwa wachimbaji wa mambo ya kale wanabishana juu ya vigae na misingi ya nyumba, kama mji ule ulikuwa na watu wengi wakati wa Herode au la, na tena ipo Bethlehemu nyingine, ya Galilaya, jirani kabisa na Nazareti. Nikashika Biblia yangu, nikapekua, na kweli kwenye orodha ya miji ya kabila la Zabuloni Bethlehemu hiyo nyingine imo. Usingizi ukanihama. Nilijiona kama mtu aliyeokota funguo za ghala peke yake.

Basi Jumatatu yake Mzee Alfonsi akaja shuleni na kipande cha ubao. Alikuwa anatengeneza pango la Noeli, na kwa kuwa mwandiko wangu unasifiwa, akaniomba niandike kwa herufi kubwa: BETHLEHEMU YA YUDEA. Maneno matatu. Nikachukua brashi na rangi, nikaandika BETHLEHEMU vizuri sana, nikaweka nukta, nikamrudishia.

Akaugeuza ubao nyuma, akaurudisha. "Mwalimu, Yudea imekosa nafasi?"

"Nafasi ipo, Mzee. Ila nimeona tusiharakishe. Wataalamu bado wanabishana."

"Wanabishana na nani?"

Nikamweleza yote, mpaka kwamba walioandika Yudea labda walitaka neno la nabii litimie. Nilimweleza nikiwa nazunguka zunguka darasani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Haya, nashukuru kwa mwandiko," akaondoka na ubao wake kwapani. Laiti ingeishia hapo. Lakini watoto wa darasa la nne walikuwa dirishani, na watoto wana midomo. Ilipofika jioni ya siku ile kijiji kilikuwa kinasema mwalimu amekataa kuandika Yudea. Kesho yake ikawa mwalimu amesema Yesu hakuzaliwa. Jumatano bibi mmoja kisimani aliniuliza, kwa heshima zote baada ya kuitikia shikamoo yangu, kama ni kweli sisi Waprotestanti tuna Yesu wetu aliyezaliwa Mbeya.

Leokadia akaja kunikuta nje ya shule. Hakukaa. "Baba hajasema kitu," akasema, "ila usiku hapati usingizi. Mwalimu, we nyamaza tu. Wakikuuliza, sema umekosea."

"Nitasemaje nimekosea na sijakosea?"

"Kwani ukikosea mara moja utapungua nini?" Akajitupia khanga begani, akaenda zake, na mimi badala ya kutafakari maneno yake nikarudi ndani kupanga hoja.

Alhamisi kulikuwa na mkutano wa kijiji, na Katibu Kata wa Chama alikuja kuzungumzia shamba la ujamaa. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, kwa hiyo tukajazana kwenye darasa langu, wazee kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, mama zetu chini, wengine wamesimama hadi barazani. Ajenda za mbolea na palizi zikaisha salama. Kisha mwenyekiti wa kijiji akafika kwenye Mengineyo (jamani, hakuna neno lililowahi kuua watu nchini mwetu kama Mengineyo), akasema kuna maneno yanazagaa, mwalimu yupo, basi aeleze mwenyewe yaishe.

Ningeweza kusimama nikasema nimekosea. Badala yake nikaenda ubaoni, nikachukua chaki, nikachora ramani: Galilaya juu, Yudea chini, Nazareti hapa, Bethlehemu moja hapa, Bethlehemu nyingine kule chini mbali. Nikaona vichwa vinatikisika, nikadhani ndiyo nakubaliwa. Nikasema nina ushahidi ulioandikwa. Nikafungua Biblia yangu nikatoa ile karatasi, na harufu ya migebuka ikatangulia kabla yangu. Mtu wa mstari wa mbele akageuza uso. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta ya samaki kiasi kwamba ukiishika kwenye mwanga unaona mtu wa upande wa pili.

"Asome mtu mwingine," Katibu Kata akasema, "tusisomewe na mwenye kesi."

Akanyoosha mkono Mzee Oswaldi. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, mtu wa miaka sitini, niliyemfundisha mimi mwenyewe tangu a, e, i, o, u, na nilimjivunia kuliko wote. Akasimama, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akaanza kusoma silabi moja moja, na mvua ikipiga mabati alikuwa anasubiri ipungue ndipo aendelee. Ilichukua muda mrefu sana. Mimi miguu haitulii. Akafika mwisho wa ukurasa, akasoma, "Hi-zo ndi-zo ho-ja za wa-na-o-ti-li-a sha-ka. La-ki-ni." Akageuza upande wa pili, akakuta tangazo la baiskeli. Akarudi upande wa kwanza. "La-ki-ni," akasoma tena. Akaniangalia kwa unyenyekevu kabisa. "Mwalimu, hapa pameandikwa lakini. Lakini nini?"

Nikasema hayo mengine yako ukurasa unaofuata. Akauliza ukurasa unaofuata uko wapi. Nikasema sokoni.

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka hadi waliokuwa barazani wakaanza kuuliza kumetokea nini na kuambiwa na kucheka upya, na Katibu Kata mwenyewe akafuta machozi. Na bado ningeweza kuketi. Mtu mwenye akili angecheka nao na mambo yangekwisha. Lakini mimi kuchekwa kulinitia wazimu, nikapaza sauti juu ya mvua nikasema, hata tukiacha gazeti, tutumie akili: serikali gani yenye busara inamwondoa mwanamke mja mzito kwake, inamtembeza siku nne tano, ati akaandikwe kwenye daftari mahali asipoishi?

Kicheko kikakatika. Sikuelewa mara moja. Nikaendelea kama nusu sentensi nyingine hivi, kisha nikaziona zile nyuso. Watu wote waliokuwa mle ndani walikuwa wamehamishwa. Wote waliandikwa kwenye daftari. Katibu Kata alikuwa hacheki tena, ametoa kalamu mfuko wa shati, na anaandika.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi chini karibu na mlango akasimama. Mama Desderia, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema mkutanoni. Alikuwa na mtoto mgongoni, kalala.

"Mimi Operesheni ilinikuta na mimba ya miezi tisa," akasema. "Huyu nilimjifungulia juu ya lori, kwenye kile kilima kabla hujafika Pito. Dereva alisimama, wanaume wakashuka wakageuka. Kule tulikotoka nyumba ilikwisha kuezuliwa, huku nyumba hakuna. Naomba mwalimu aliyesoma aniambie, mwanangu kazaliwa wapi?"

Hakuuliza kwa kunikomoa. Alitaka kujua. Nami nilisimama na chaki yangu na ramani yangu ya Galilaya.

Ndipo Mzee Alfonsi akainuka kwenye dawati lake, taratibu, kama kawaida yake. "Ndugu Mwenyekiti, mimi nina swali dogo. Mwalimu anasema waliomwandika Yesu kwamba ni wa Yudea labda walikuwa na sababu zao, ili lile neno la nabii litimie. Inawezekana, mimi sikuwepo. Lakini mjukuu wangu yuko darasa la kwanza, ana miaka minane. Nimeona rejista ya mwalimu. Mahali pa kuzaliwa pameandikwa Tujikaze. Miaka minane iliyopita hapa palikuwa pori, hata nyani hawakuwa na kijiji. Watoto wote wameandikwa hivyo. Nataka kujua mwalimu alikuwa na sababu gani."

Sababu ilikuwa kwamba nilikuwa na watoto themanini, fomu inatakiwa wilayani, na kila mzazi alinitajia kilima au kijito ambacho sikujua hata kukiandika, nikaona nitauchosha mkono bure. Niliandika Tujikaze mara themanini, mchana mmoja, nikinywa chai. Hiyo ndiyo sababu, na niliitamka hivyo hivyo mbele za watu, kwa sauti ambayo nadhani mstari wa tatu hawakuisikia.

"Asante," Mzee Alfonsi akasema, akaketi.

Yaliyofuata nayafupisha. Niliandika barua ya maelezo kwa Katibu Kata, nikaitwa Sumbawanga nikasimama mbele ya meza tatu kueleza kwamba nilimsema Kaisari wa Roma na si mtu mwingine, nikaonywa, nikaachwa. Watoto wakaniita Mwalimu Lakini (wengine ni wazee sasa na bado wananiita hivyo). Noeli padre akaja, na Mzee Alfonsi hakunisemea. Nilipokwenda kumwomba radhi alinikaribisha, nikapewa uji wa ulezi, akanisikiliza, kisha akasema, "Sikukasirika juu ya Yudea, Mwalimu. Mtu anaweza kuuliza, hata mimi najiuliza. Nilikasirika kwamba uliuliza huku hutaki kusikia."

Likizo ile sikwenda kwetu. Nilichukua rejista, nikaifunga ndani ya nailoni, nikapita nyumba hadi nyumba kwenye matope nikiwauliza kina mama mmoja mmoja, na mara hii nikakaa chini. Wengine walichukua asubuhi nzima kunieleza: si kilima tu, ni upande gani wa kilima, nani alikuwepo, kulikuwa na baridi au joto, walikuwa wakivuna nini. Niliandika kila jina kama walivyolitamka. Mtoto wa Mama Desderia alikuwa hajafika umri wa shule, lakini nilimwendea mama yake pia, akanipeleka kwa miguu hadi kwenye kile kilima cha Pito, akasimama katikati ya barabara, akaonyesha kwa mguu. "Hapa," akasema. Hakukuwa na kitu, majani na upepo tu. Nikaandika. Wilayani waliirudisha rejista wakisema majina hayo hayamo kwenye orodha ya vijiji, nikaipeleka tena vilevile.

Leokadia nilimwoa, lakini baada ya mwaka mzima na zaidi, na siku ya kufunga ndoa padre aliponiuliza mahali pangu pa kuzaliwa ili aandike kitabuni, kanisa zima lilisubiri kwa hamu nitajibu nini, na mimi nilijibu kwa neno moja nikafunga mdomo.

Wenye kujua kuchimba na waendelee kuchimba, pengine siku moja watapata jibu, nami nitafurahi kulisikia. Ila nimeapa, na kiapo hiki sijakivunja hadi leo: nikikuta watu wanabishana alikozaliwa mtu, nauliza kwanza kama mama yake yupo. Kama yupo, namfuata yeye. Kama hayupo, nanyamaza.